Namba Tisa Mgongoni mwa Beki

Jumatatu, 6 Mei

Siku imeharibika kabla ya saa tatu asubuhi. Nilivuka barabara kununua nusu kilo ya nyama, nikakuta muuza bucha ametundika cheti juu ya mizani. Kina fremu! Kimeandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba binti yake ni wa arobaini na moja kwa ubora wa soka, wasichana wa chini ya miaka kumi na nne, nchi nzima. Nikamuuliza ni nani aliyehesabu. Wataalamu, fundi, akasema, wataalamu. Kuna huduma maalumu: unalipia, wanampima mtoto, wanampa nafasi yake kwenye Orodha ya Vipaji, na timu kubwa zote husoma humo.

Kisha akanipimia nyama. Mifupa mitupu! Sikulalamika. Macho yangu yalikuwa kwenye fremu.

Binti yake ni mshambuliaji, namba tisa. Wangu ni beki, namba nne, timu hiyohiyo, na wawili hao ni pete na kidole. Wangu ni wa ngapi kwenye Orodha? Hayupo! Yaani kwa wataalamu mwanangu hajazaliwa.

Wivu? Mimi? Hata kidogo. Lakini mwezi huu hauishi kabla binti yangu hajaingia arobaini bora.

Jumanne, 7 Mei

Nimepiga simu. Amepokea kijana mwenye sauti ya mtangazaji, akajitambulisha kuwa ni Mkurugenzi wa Vipaji. Nyuma yake jogoo aliwika. Bila shaka ni ofisi yenye hewa ya kutosha.

Vifurushi ni vitatu. Shaba: jina kwenye Orodha. Fedha: jina, cheti na ripoti ya kitaalamu. Dhahabu: hayo yote pamoja na fremu. Mzazi anatuma video ya dakika tatu, mtoto amezungushiwa duara jekundu. Nikauliza mtaalamu atafika lini uwanjani. Akacheka kwa upole, akasema hayo ni mambo ya kizamani.

Nimelipia Dhahabu. Ni zile pesa nilizoweka akiba ninunue mota ya cherehani. Nitaendelea kukanyaga kwa miguu, mazoezi ni afya.

Mke wangu, ambaye anafanya kazi maabara ya hospitali, aliuliza watampimaje mtoto ambaye hawajamwona. Nikamweleza habari za video. Akasema kule kwao hata mkojo husubiriwa uletwe ndipo majibu yaandikwe. Mwanamke mzuri, lakini hana maono.

Jumatano, 8 Mei

Tatizo. Beki hafungi magoli! Wangu anasimama, anamnyang'anya mtu mpira taratibu kama anayempokea mgeni mzigo, anampa mwenzake, anarudi kusimama. Nani atazungushia duara jekundu kitu hicho?

Nilimfuata kocha. Kazi yake ni fundi bomba, kwa hiyo nilimkuta chini ya sinki la mteja, nikazungumza na viatu vyake. Nikaviomba vimhamishie binti yangu mbele. Sauti ikajibu kutoka chini kwamba beki kama yule hajawahi kumpata tangu aanze ukocha, na kwamba nimpe spana kubwa. Nikampa.

Binti mwenyewe naye hataki. Anasema anapenda kucheza nyuma kwa sababu kutoka kule anauona uwanja wote. Miaka kumi na tatu na hana tamaa! Sijui amemrithi nani.

Jioni ameniletea gunia la jezi za timu, mishono imeachia. Nilizishona mimi zilipokuwa mpya, kila moja kwa kipimo cha mvaaji, maana wangu ni mrefu kama mlingoti na wa bucha ni mfupi mnene. Jina la mtoto nililidarizi ndani ya kola, namba nikaiweka mgongoni. Wakivaa, kila mmoja huangalia kola. Nani hutazama mgongo wake mwenyewe?

Nani hutazama mgongo wake mwenyewe!

Alhamisi, 9 Mei

Nimefumua nne. Nimefumua tisa. Nimezibadilisha. Jumamosi, namba nne atafunga magoli.

Si uongo. Sijatamka neno lolote. Uzi ndio uliosema.

Jumamosi, 11 Mei

Mechi! Watoto waligundua walipokuwa wanaingia uwanjani, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikajifanya hamnazo. Nikasema ni macho, ni umri, ni taa ya dukani. Karatasi ya majina ilikuwa imeshaandikwa na refa ameshapuliza filimbi. Kocha akasema wacheze hivyohivyo, mpira hausomi namba. Binti yangu alinitazama kwa muda. Anatazama kama mama yake.

Halafu kero. Mama mmoja mtu mzima akaja na mwavuli na daftari la shule, akakaa mbele ya kamera yangu hasa! Nikamwomba asogee. Akasogea. Baada ya dakika kumi, mwavuli tena! Nikamwambia samahani mama, hapa kuna kazi ya kitaalamu inaendelea. Akaomba radhi, akaenda kukaa kule pembeni, karibu na lango letu, ambako hakuna cha kutazama.

Namba nne amefunga matatu! La tatu nilipiga kelele mwanangu! mwanangu! Muuza bucha akanigeukia. Nikamwambia watoto wote ni wetu, jirani. Akaguswa sana, akanishika bega.

Tumeshinda tatu bila. Binti yangu mwenyewe sikumwona vizuri, kamera ilikuwa upande wa magoli. Nasikia alicheza.

Jumapili, 12 Mei

Saa nne na dakika kumi nimetuma video. Saa nne na robo majibu yameingia. Wa kumi na saba! Nchi nzima!

Simu inaonyesha kwamba video haijafunguliwa. Basi ndivyo walivyo wataalamu. Hata mimi mteja akiingia tu mlangoni nakijua kiuno chake.

Ripoti inasema: "Mshambuliaji mwenye jicho la goli na nidhamu ya hali ya juu. Aongeze nguvu mguu wa kushoto." Nimechapisha cheti na kukitundika juu ya cherehani. Fremu itakuja nikishalipia usafiri wake.

Muuza bucha amevuka barabara, akakisoma cheti kimyakimya. Akarudi kwake, akaja na ripoti ya binti yake. Jicho la goli. Nidhamu ya hali ya juu. Mguu wa kushoto. Neno kwa neno! Tukatazamana. Nikasema inaelekea mtaa wetu una tatizo la miguu ya kushoto. Akakubali. Hakuna aliyetaka kuendelea na mazungumzo hayo.

Jumanne, 14 Mei

Balaa!

Yule mama wa mwavuli ndiye mteuzi wa timu ya wasichana ya wilaya! Anazunguka viwanjani bila kualikwa na bila kulipwa na mzazi yeyote, anakaa, anaandika kwenye daftari. Safari hii alikuwa anatafuta mtoto mmoja tu. Atakayepata nafasi ataingia kambini, na huko kambini ndiko shule nzuri huchukua wachezaji wa kuwasomesha bure.

Barua imekwenda kwa muuza bucha. Ameisomea wateja, kisha akaja kunisomea mimi: binti yake, mchezaji namba tisa, afike Jumamosi kwa majaribio ya mwisho, kwa jinsi alivyonyang'anya mipira siku nzima bila kucheza rafu hata moja.

Anasema hakujua kwamba binti yake hujitolea hivyo hadi nyuma. Mtoto amemwambia si yeye. Baba akamjibu aache unyenyekevu.

Namba tisa. Jina limetoka kwenye karatasi ya majina, ambako tisa ni wa bucha, na namba imetoka mgongoni kwa mwanangu. Niliiweka mimi. Kwa mshono wa mara mbili, isibanduke!

Jumatano, 15 Mei

Binti amekuja dukani baada ya shule na jezi yake. Akaomba nifumue tisa na nimrudishie nne. Hakupandisha sauti. Nikamuuliza kama amesikia habari ya barua. Amesikia. Nikamuuliza mbona hajamwambia kocha, ambaye bado hajasikia habari hiyo. Akasema amemsihi rafiki yake anyamaze, na yeye amenyamaza, watu wasije wakanicheka.

Nimejidunga sindano mara tatu. Duka lilikuwa limejaa mwanga, sikuona uzi.

Ijumaa, 17 Mei

Nimepata suluhisho la kiungwana! Nimempigia Mkurugenzi wa Vipaji. Nikamwambia mtoto wangu ni wa kumi na saba, basi azungumze na mteuzi wa wilaya, kimyakimya, wakubwa kwa wakubwa. Akasema wao hawana uhusiano na timu yoyote. Nikauliza, hata moja? Hata moja. Wao ni Orodha tu. Ila kipo kifurushi kipya, Almasi, chenye barua ya mapendekezo kwa yeyote nitakayemtaka.

Jogoo akawika. Nilikata simu. Kusema kweli niliikata baada ya kuuliza bei.

Jumamosi, 18 Mei

Nilikwenda kwenye majaribio nikisema nitajificha nyuma ya watu. Mtoto wa bucha amewekwa beki. Maskini! Mshambuliaji wa kwanza akampita, wa pili akampita, wa tatu akamwomba radhi na kumpita. Mama wa mwavuli alikuwa anafunua kurasa za daftari kurudi nyuma, akakunja uso. Akachukua kalamu ili afute.

Mficha uchi hazai. Miguu yangu ikaenda kabla sijaiambia. Nikasimama mbele yake, muuza bucha yuko pembeni anasikia, kocha anasikia, nikasema mimi ndiye fundi aliyeshona namba zile, na beki aliyemwona ni wangu. Nikaeleza kila kitu: cheti, uzi, duara jekundu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimewahi kumshonea bwana harusi suruali yenye mguu mmoja mfupi.

Alinitazama. Akauliza kama mimi ndiye yule wa kazi ya kitaalamu. Ndiyo, mama. Akauliza mtoto yuko wapi.

Alikuwa nyuma ya uzio. Alikuja kumshangilia mwenzake, amevaa viatu vya shule. Akaingia navyo hivyohivyo.

Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Kwa hiyo nilimtazama. Kwa mara ya kwanza nilimtazama mchezo mzima! Anazungumza na wenzake, ananyoosha mkono kuonyesha wa kukabwa, anafika mahali kabla mpira haujajua kwamba unakwenda huko. Dakika ishirini, hakuna aliyepita. Nimelia kidogo. Kulikuwa na vumbi.

Amechukuliwa. Mtoto wa bucha ndiye aliyemkimbilia kwanza na kumkumbatia. Baba yake alinijia polepole, nikajiandaa kwa ngumi. Akauliza kama yale magoli ya kwenye video yangu ni ya binti yake. Nikakiri. Akahesabu kwa vidole. Akasema basi mwanawe ni wa arobaini na moja na pia ni wa kumi na saba, na cheti changu ni chake.

Nikamuuliza mama wa mwavuli ni kiasi gani cha kulipa. Akasema hakuna malipo. Hakuna! Hapo nimeingiwa na mashaka kidogo. Kitu cha bure kitakuwa na thamani gani?

Jumatatu, 20 Mei

Amani imerudi. Nimemkabidhi muuza bucha cheti cha nafasi ya kumi na saba, naye amenipa kilo nzima ya steki, haina hata mfupa. Juu ya cherehani umebaki msumari mtupu.

Binti amenisamehe, kwa sharti moja. Jumamosi timu ya wilaya inacheza mechi ya kwanza. Anataka niende, nikae, nimtazame, na nisishike simu mkononi. Hilo tu. Nikaapa mbele ya mama yake. Mama yake akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia ngoja uone.

Lakini ule msumari! Beki bora wa wilaya nzima, na Orodha haina habari naye! Ni uonevu. Nimempigia Mkurugenzi asubuhi. Almasi ina punguzo kwa wateja wa zamani. Kinachotakiwa ni video tu.

Niliapa kuhusu mkono. Kuhusu koti sikuapa. Leo nimeshona koti jipya lenye mfuko wa simu kifuani, na mbele yake tundu dogo la kamera, limedariziwa kama tundu la kifungo. Kazi safi, mke wangu amepita mara mbili hakuona kitu.

Nimelijaribu mbele ya kioo. Linafanya kazi. Ila lazima niinamishe kichwa muda wote kuchungulia ndani ya kola kama simu bado inarekodi. Si neno. Mechi nitaitazama nyumbani, kwenye video.