Ufunguo wa Choo na Ukuta wa Visanduku Vitano

Tegeni masikio, enyi wapangaji wa Kawangware na Kibera, ninyi mliowahi kusimama mbele ya mlango uliofungwa huku mkikunja vidole vya miguu ndani ya malapa! Tueni mitungi yenu, zimeni redio, na yule anayekaanga vitunguu apunguze moto, kwa maana nitawasimulia vita vikuu vya ploti ya Mburu, vita visivyomwaga damu hata tone, ila vilimwaga rangi, jasho, na machozi ya mtu mmoja niliyemwona kwa macho yangu haya mawili. Mimi ni Walubengo, mshona viatu, bwana wa chumba cha tano. Sisimulii ya kuambiwa.

Ploti ile, ndugu zangu, ina vyumba kumi na viwili na choo kimoja. Choo kina kufuli, kufuli ina ufunguo, na ufunguo una msumari wake karibu na geti. Hiyo ndiyo katiba yetu, nayo haina kifungu kingine: ukitoka, funga, tundika. Lakini wapi! Mtu anatoka, anafunga, anawaza mambo yake, ufunguo unatumbukia mfukoni, naye huyoo, yuko Soko la Toi anapanga suruali za mitumba, huku nyuma watu kumi na mmoja wanacheza ngoma isiyo na muziki. Tuliufunga kwenye kipande cha mbao kirefu kama mkono ili hata mlevi asiusahau. Shivachi, fundi wa milango, shujaa wa suruali ya mifuko tisa, aliubeba pamoja na mbao yake, na ile mbao ikaenda kuwa kabari ya mlango wa mtu kule mtaa wa Nyayo Highrise. Kufuli tatu zilivunjwa kwa nyundo mwaka huu. Na kwa kuwa msimulizi wa mambo makuu hapaswi kuficha kitu, nakiri kwamba mimi niliubeba mara mbili. Hiyo ya tatu ni uongo wa Shivachi.

Aliyeumia kuliko wote ni Shosho Kavetsa wa chumba cha kwanza, bibi wa magoti mabovu na ugonjwa wa sukari, mlinzi wa geti asiyeajiriwa, aliyeketi kwenye kigoda chake asubuhi hadi jioni akitazama wanaopita. Yeye hawezi kukimbilia choo cha jirani. Yeye hungoja. Nilimwona siku moja akingoja, ameshika ukuta kwa mikono miwili, nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu ufunguo siku hiyo... haya, tuendelee.

Mwenye ploti, Mzee Mburu, jemadari wa ilani, hakukaa kimya. Alibandika ya kwanza: RUDISHA UFUNGUO. Akabandika ya pili, maneno yale yale na alama ya mshangao. Ya tatu ilianza na WEWE. Tuliyazoea maandishi yale tukawa tunapita bila kuyaona. Ndipo akatuma mtu hadi Kisumu Ndogo, kule Kibera, amwitie bingwa wa herufi, aje aandike ya nne kwa rangi nyekundu, kubwa kama mlango.

Naye akaja. Nekoye! Nekoye wa brashi isiyotetemeka, aliyeandika KINYOZI mara thelathini na HOTELI mara hamsini, ambaye vibanda vyote kuanzia Kisumu Ndogo hadi Toi vimevaa mkono wake! Alitua makopo yake, akautazama ule ukuta mrefu utokao getini hadi chooni, akazitazama ilani tatu, kisha akanena neno ambalo halikuwa limewahi kunenwa katika ploti ile.

"Mzee Mburu, hapa herufi zimeshindwa. Nikikuandikia ya nne, kufikia Jumatano watakuwa wameizoea. Niachie huu ukuta niwachoree katuni."

Mburu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Katuni? Mimi niko na wajukuu nyumbani, hao ndio wanasoma katuni. Hapa ni watu wazima, wako na ndevu."

"Na hao wa ndevu ndio wanabeba funguo, Mzee, si wajukuu wako."

Tuliangua kicheko, nami nikacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyonifaa. Mburu hakucheka. Alijivuta kimo, akakohoa kidogo, akatangaza masharti ya vita mbele ya mashahidi wote na kuku wawili.

"Haya, chora. Lakini sikia vizuri. Jumapili ya wiki ijayo, watu wakitoka kanisa, nakuja na ndoo ya chokaa. Nikipata huo msumari uko mtupu, unafuta kila kitu na mkono yako mwenyewe."

Laiti angeishia kusema sawa! Lakini Nekoye alikuwa na hasira ya mtu aliyedharauliwa miaka mingi, akajifunga kiapo kizito kuliko alichoombwa. "Msumari ukiwa mtupu sifuti tu, Mzee. Naacha. Sichori katuni tena maisha yangu yote. Nitaandika KINYOZI mpaka nizeeke."

Wengi waliona ni maneno ya mdomo. Mimi niliambiwa zaidi jioni ile, nikimshonea kiatu chake cha kulia. Amechora katuni tangu darasa la nne, nyuma ya kalenda za zamani, na kila mtu, kuanzia mama yake hadi wateja, humwambia hiyo si kazi, hayo ni mambo ya kuchezea. Aliyasema akitazama pembeni. Nilimwonea huruma, nikazidisha uzi mahali ambapo haukuhitajika.

Kwa siku mbili alichora. Visanduku vinne, kimoja baada ya kingine, vikianzia getini kwenda chooni, kutoka kushoto kwenda kulia kama tulivyofunzwa kwenye daftari. Cha kwanza, mwanamke wa kitambaa cha njano anatoka chooni, ufunguo mkononi, anatabasamu. Cha pili, anautumbukiza mkobani. Cha tatu, foleni mbele ya mlango uliofungwa, watu wamebana mapaja, macho yamewatoka, na wa kwanza wao ni bibi wa kigoda. Cha nne, mwanamke yule ameutundika ufunguo na watu wote wameinua mikono juu. Neno hata moja hakuandika.

Mburu akaja kukagua majeshi. Akasimama, akatikisa kichwa. "Hawa wanawake watatu wa kitambaa cha njano ni akina nani? Ni dada? Mimi kwa hii ploti sina watu kama hao."

"Ni mmoja, Mzee. Mtu mmoja, saa tofauti."

"Na hapa katikati ya visanduku mbona umeacha weupe? Ukuta wangu unapotea bure. Jaza hapo maandishi."

Hapo Nekoye akaweka brashi chini, na nawaambieni, nimesikia wahubiri wa kila aina katika mji huu, sijasikia mahubiri kama yale. "Hapo sigusi. Kila kisanduku ni chumba, na huo weupe ndio mlango wake. Niambie, huyu mama alienda wapi na ufunguo?"

"Si alienda sokoni, akasahau?"

"Soko liko wapi? Nionyeshe."

Mburu alitafuta. Akakaribia hadi pua ikagusa rangi. Soko halikuwepo.

"Hilo soko umelichora wewe, Mzee," Nekoye akasema, "kwa kichwa yako, hapo kwenye weupe. Mimi nachora nusu, anayesoma anachora nusu. Nikijaza, nimekunyang'anya kazi yako."

Mzee akageuka, akaondoka na kiburi chake. Nasi tukamshangilia Nekoye tukidhani vita vimekwisha. Kumbe!

Wiki ile ufunguo ulipotea kuliko wiki zote tangu ploti ijengwe. Jumatatu ulilala kwa mtu. Jumanne haukuonekana kabisa. Kufikia Alhamisi watu wazima wenye akili zao walikuwa wakinyang'anyana nani awe wa kuubeba. Shivachi alikamatwa getini nao katika mfuko wa saba, na badala ya kuona haya akasimama wima akatoa hotuba.

"Mnanionea bure! Si ukuta wenyewe ndio unasema? Watu wanatundika, wanafurahi, next unaona foleni, watu wanateseka. Mama akaona, zii, wacha niweke kwa mkoba. Sasa cheki hapa mwisho: ako na choo yake peke yake, anasmile. Mimi nimefuata maagizo tu."

Nekoye alipoitwa Ijumaa akasikia hayo, alikaa chini kwenye saruji, akajifunika uso kwa mikono yake yenye rangi, akalia. Hakulia kwa kelele.

Ndipo akanena Shosho Kavetsa, Mwenye Kigoda, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote tangu vita vianze.

"Simama, mwanangu. Umechora vizuri, lakini umeanzia pabaya. Mimi hukaa hapa kutwa. Mtu akienda choo amebanwa, anapita hapa mbio, hata salamu hanipi. Huyo hasomi kitu. Akitoka sasa, amepona, anatembea pole pole kama amerudi kutoka arusi, ndio anatazama picha. Na anatoka upande ule." Akanyoosha bakora kuelekea chooni. "Anaanza na mwisho."

Enyi wasikizi! Sote tulikwenda mbio hadi mlango wa choo, tukageuka, tukatembea pole pole kuelekea getini tukitazama ukuta. Ilikuwa kweli. Shivachi, mwizi wa mbao, alikuwa amesoma sawasawa kuliko sisi sote.

Jumamosi nzima Nekoye alipigana. Alifuta, akachora upya kuanzia chooni kuja getini, kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha kila daftari la nchi hii. Mwanamke wa njano sasa alitembea pamoja na anayetoka, miguu yake ikielekea getini, hatua kwa hatua. Anatoka na ufunguo. Anautia mkobani. Kisha foleni, na bibi wa kigoda ameshika ukuta kwa mikono miwili. Sijui ni nani aliyemweleza jambo hilo, si mimi. Cha nne, mwanamke amesimama ghafla, mkono mkobani, uso umemshuka. Na cha tano, kilicho ubavuni mwa mlango wa Shosho, Nekoye alikiacha kitupu. Fremu nyeusi, weupe ndani, basi. Akamgeukia Shivachi.

"Nipe msumari."

Shivachi akapekua mifuko sita kabla hajapata wa inchi nne, akaupigilia mwenyewe katikati ya kile kisanduku kitupu, kwa nyundo ile ile iliyovunja kufuli zetu. Jioni hiyo ufunguo ulitundikwa mara tano, nami nilihesabu.

Ikafika Jumapili. Watu wametoka kanisani, wamevaa, wamepanga mstari kama wanaopigwa picha. Mzee Mburu aliingia na ndoo ya chokaa, akaitua getini, na sisi sote tukiikodolea macho ndoo ile, akapita moja kwa moja hadi chooni kwa haraka, maana njia ya kutoka nyumbani kwake si fupi. Alipotoka alikatiza katikati ya uwanja akizungumza kwa simu, bila kuutazama ukuta, akaja kusimama mbele ya kisanduku cha tano.

Msumari ulikuwa mtupu.

Ooh, kilio gani! Shivachi, kabla hajashutumiwa, aligeuza mifuko yote tisa nje: kalamu, futi kamba, misumari, kipande cha chapati. Ufunguo hamna. Nikageuza yangu. Kila mtu akageuza yake. Mburu akachukua brashi ya chokaa, akampa Nekoye, wala hakumpa kwa ukali. Nadhani hata yeye moyo ulimlegea. Nekoye akaichovya kwenye ndoo. Hata hapo brashi yake haikutetemeka.

"Ngoja," Shosho akasema. "Mzee, utafutaje barua hujaisoma? Nenda usome kwanza. Anzia choo."

Mburu akashusha pumzi, akaenda mpaka mlango wa choo, akageuka, mikono nyuma, akaanza kutembea. Mwanamke anatoka na ufunguo, akatikisa kichwa. Mwanamke anautia mkobani, akaguna, "Watu wabaya." Akavuka weupe. Foleni, bibi ameshika ukuta. Hapo alitulia kidogo, akamtazama Shosho, akatazama tena ukuta. Akavuka weupe. Mwanamke amesimama ghafla, mkono mkobani.

Nasi tuliuona mkono wa Mzee Mburu, bila yeye kuuambia kitu, ukiingia polepole katika mfuko wa koti.

Hakuna aliyecheka. Naapa, hata Shivachi. Mzee alitembea hatua tatu zilizobaki, akasimama mbele ya ule weupe wenye msumari, akautundika ufunguo, na katuni ikakamilika.

Basi na iandikwe kwamba siku hiyo, mchana kweupe, huko Kawangware, ufunguo wa choo ulirudi mahali pake! Akina mama walipiga vigelegele, Nekoye akakaa kwenye kigoda cha Shosho bila kuomba, akacheka huku analia, na Shosho akauchukua ufunguo akaenda zake chooni kwa mwendo wa malkia.

Mburu alibaki ukutani, anavuta ndevu. Kisha akaita, kwa sauti ya mtu mwenye ukuta wake:

"Nekoye! Hapa katikati ya visanduku pamechafuka, watoto wameshika na mikono. Chukua hii chokaa upake pawe peupe kabisa. Na mtu asiandike kitu hapo."