Ombi la Kufuta Dakika ya Kumi na Saba

Mwaija Mbaruku,
Nyumba ya tatu nyuma ya soko,
Mkata, Handeni.
13 Desemba.

Kwa Mwalimu Filomena,
Msimamizi wa Shahada ya Uzamili ya Uuguzi wa Kisheria,
Masomo kwa Njia ya Mtandao.

YAH: KUFUTWA KWA DAKIKA YA KUMI NA SABA KATIKA KAZI YA MWISHO YA SHANGAZI YANGU, PAMOJA NA MADHARA MENGINE YA KOZI YAKO

Mwalimu Filomena, shikamoo.

Wewe hunijui, lakini mimi sauti yako naijua. Kila Jumamosi saa kumi alasiri inatoka kwenye kompyuta ya Shangazi Maryamu, ambayo huwekwa juu ya meza ya cherehani ya Mama kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika, na nyumba nzima inanyamaza kama tuko kwenye mtihani. Mimi ni yule msichana anayepita nyuma yake ameinama. Yule anayepita bila kuinama, ambaye siku moja aliigonga kompyuta kwa sinia mkawaona mbuzi wetu badala ya Shangazi, ni Bibi yangu, mama mzazi wa Shangazi na Baba.

Nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita na nasubiri matokeo. Sijawahi kulalamika kwa maandishi, wala kwa mdomo. Darasani nikijua jibu nilikuwa naliandika pembeni ya daftari na kusubiri mwingine alitaje. Kwa hiyo nikikosea adabu mahali, ni ugeni tu.

Shangazi ni muuguzi wa kituo cha afya. Alijiunga na kozi yako ili ajue kumhudumia mtu aliyeumizwa na wakati huohuo kumtunzia ushahidi usiharibike kabla ya kufika mahakamani. Hilo silipingi. Ninayoyapinga ni haya.

1. Salamu. Ulimfundisha Shangazi kwamba mgonjwa asiulizwe swali lililobeba jibu lake. Akatafakari, akagundua kwamba "hujambo" ni swali la namna hiyo, kwa sababu watu wote hujibu "sijambo", hata wale wanaoletwa kituoni kwa machela. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna kujuliana hali. Anakutazama usoni, anasema, "Nieleze unavyojisikia," halafu ananyamaza. Naanyu, mama wa Kimasai anayetuletea maziwa, aliambiwa hivyo akiwa bado amesimama mlangoni na kidumu. Akafikiri kidogo, akakaa. Alieleza kuanzia ndama aliyepotea wakati wa kiangazi mpaka mkwe wake, wakati maziwa ya majirani wanne yanasubiri juani. Mama akamwambia Shangazi, "Wifi, mtu kaleta maziwa, hakuleta kesi." Siku hizi Naanyu anamaliza nyumba zote kwanza, kwetu anakuja mwisho ili apate nafasi ya kukaa. Chai yetu ya maziwa sasa tunainywa saa nne na nusu.

2. Bahasha. Tunaelewa kwamba nguo yenye doa haiwekwi kwenye plastiki kwa kuwa itaoza, inakaushwa kivulini na kuwekwa kwenye bahasha ya kaki, na kila anayeigusa anasaini. Lakini nguo yenyewe ilikuwa kanzu ya Baba na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Baba alisimama na taulo akauliza, "Nisaini kuchukua kanzu yangu?" Shangazi akamjibu kwa upole, "Kaka, ni utaratibu wa makabidhiano tu." Baba alisaini. Alifika msikitini swala imeshaanza. Doa lilikuwa la mchuzi wa maharage, na alikuwa amelisema hilo tangu mwanzo. Sasa anawaambia rafiki zake kijiweni, "Ukija kwangu angalia unapokanyaga. Ukijikwaa unaombwa PF3 ya polisi."

3. Mchoro wa mtu. Kozi yako ilimletea Shangazi mchoro wa mtu asiye na nguo wala sura, mbele na nyuma, wa kuonyeshea alama za mwilini. Mtu wa kujifunzia nilikuwa mimi, kwa kuwa sina kazi na siwezi kukataa. Alipima makovu yangu yote kwa rula. Ninayo kumi na manne, idadi ambayo nilikuwa naishi vizuri bila kuijua. Kisha akaubandika mchoro ukutani, palepale Mama anaposhonea. Mteja wake mmoja, dada Rosina, aliutazama sana, akafuata kwa kidole zile namba za sentimita, akasema na yeye ashonewe mshono huo lakini mikono iwe mirefu. Mama alimshonea. Sijui alifuata vipimo gani, ila makovu yangu yanatembea Mkata nzima yakiwa na mikono mirefu.

Hayo matatu ningeweza kuyavumilia, Mwalimu. Nimeyaandika kwanza kwa sababu ni mepesi kuandika.

4. Mkono wangu. Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatano, niliungua uji mkono wa kushoto, kuanzia kifundo kwenda juu. Nilisema uji ulifoka. Watu wote walikubali, Mama akanipaka dawa, mambo yakaisha. Wiki hiyohiyo wewe ukafundisha majeraha ya moto. Shangazi alirudi kwenye mkono wangu akautazama muda mrefu, akasema uji unaofoka hurukia kwa matone, ila huu ulishuka kutoka juu, kwa mkondo mmoja. Yaani kuna mtu alinimwagia.

Jumapili akatandika shuka kuukuu uani, akajaza birika maji yenye binzari, akamtaka kila mtu wa nyumba amimine ili alinganishe. Mama alimimina. Baba alimimina, na kwa vile ni mrefu alitia manjano mpaka kwenye ndala za Shangazi. Mjomba Awadhi, kaka yake Mama, alikuwa amefika tu kutoka Segera kutusalimia, na yeye akapewa birika na kuulizwa Jumatano alikuwa wapi. Akasema, "Shemeji, mimi nimeleta sukari." Tulicheka sote. Bibi peke yake alikataa, akasema yeye ni mtu mzima, hachezi maji.

Kilichofuata hakikuchekesha. Jioni Shangazi alikaa karibu na Baba akamwambia, kwa sauti ileile ya kituoni, "Kaka, nieleze unavyomrekebisha Mwaija akikosea." Baba hajawahi kunipiga. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, hakujibu, na hata kutojibu huko Shangazi akakuandika kwenye daftari lake. Kwa siku nne Baba alikuwa akinikuta jikoni anageuka anarudi alikotoka. Mimi nilikuwa na maneno matatu ya kumtoa kwenye shaka hiyo na sikuweza kuyasema, kwa sababu hayakuwa maneno yangu.

5. Ukimya. Kazi ya mwisho ya Shangazi ilikuwa kurekodi mahojiano na mtu aliyejitolea. Mlinitumia karatasi ya kuigiza: mimi ni mwanamke wa miaka thelathini, nimeumia, nasema nimeanguka kwenye ngazi. Mkata hatuna ngazi za kutosha kuangusha mtu, lakini nilikariri. Nilianguka kwenye ngazi vizuri kabisa kwa dakika kumi na sita. Ndipo Shangazi akaniuliza, "Kuna jambo lingine ungependa nilijue?" akanyamaza. Nimeambiwa mnawafundisha kuhesabu moyoni bila kusaidia. Mwalimu, mtu mwenye aibu anaweza kuvumilia kuulizwa, hata kugombezwa. Hawezi kuvumilia mtu anayemsubiri kwa wema. Ilipofika dakika ya kumi na saba nilishuka kwenye ngazi nikasema ukweli.

Nilisema ni Bibi. Nilisema macho yake yana ukungu tangu mwaka jana na sasa haoni kikombe. Nilikuwa nimekishika, akamimina pembeni, akaniuliza, "Kimejaa?" Nikasema kimejaa. Aliposikia navuta pumzi aliuliza kama amenimwagia, nikamwambia tone tu. Nilisema kwamba ndiyo maana siku hizi namsalimia kwa sauti kila anayeingia uani, na kumtaja jina, ili Bibi ajue ni nani. Watu walidhani nimeanza kuchangamka. Na nilisema kwamba Baba hajafanya kitu, asitazamwe tena vile.

Shangazi hakukatiza. Aliuliza, "Kisha ikawaje?" mpaka nikamaliza, akanishukuru kama inavyotakiwa, akazima, akatoka nje kunawa uso. Halafu alimfuata Baba akamwambia, "Kaka, nisamehe." Baba akasema, "Umesoma kweli dada yangu. Mimi mwenyewe nilishaanza kujishuku."

6. Kiti. Hapa ndipo penye shida yenyewe. Bibi alikuwa nyuma ya pazia anachambua mchele, au anaupapasa, na alisikia yote. Alikuwa ameniomba nisiseme kwamba haoni, kwa sababu alijua watakachofanya, na walikifanya kesho yake. Mama alichukua jiko. Bibi aliwekewa kiti cha plastiki barazani chenye mto, na kila mtu anapita anamuuliza kama anahitaji kitu. Huyu ni mtu aliyeshuka kutoka kwao Bungu, milimani Usambara, akiwa bibi harusi na tangu siku hiyo hajawahi kula chakula asichokipika, labda kwenye misiba. Sasa ananisemesha kupitia kwa Mama. Jana alisema, nikiwa nimesimama hapohapo, "Mwambie ofisa upelelezi chai yake inapoa." Akikasirika zaidi ya hapo anahamia Kishambaa, na mimi sijui chote, kwa hiyo sijui hasa ninachoambiwa. Na Jumanne ijayo amepangiwa kliniki ya macho Korogwe, ambako anaamini ataingia na ukungu na kutoka na giza.

Kutokana na hayo, nimesoma makabrasha ya Shangazi ili nisije nikalalamika bila msingi. Imeandikwa kwamba maelezo ya mtu hayawezi kutumika bila ridhaa yake ya maandishi. Fomu yangu ya ridhaa bado ninayo, sijasaini. Kwa hiyo niliyoyasema hayatumiki. Yasipotumika, ni kama sikuyasema. Kama sikuyasema, hakuna anayejua kwamba Bibi haoni. Na kwa kuwa hakuna ushahidi mwingine, kwa mujibu wa kozi yako Bibi anaona. Mtu anayeona hana sababu ya kukaa kwenye kiti chenye mto wala kupelekwa Korogwe.

Naomba basi yafuatayo. Kwanza, dakika ya kumi na saba ifutwe, pamoja na zinazofuata, maana nilikuwa nalia na hazisikiki vizuri. Pili, Shangazi apewe sifuri kwa kazi hiyo, lakini iwe sifuri ndogo isiyomzuia kuhitimu, kwa sababu amehangaika. Tatu, chuo kiandike barua rasmi yenye muhuri kwa Mama, ikimwelekeza arudishe jiko. Nne, barua hiyo imtaje Baba kuwa hana kosa, maana hiyo sehemu ya ukweli naomba ibaki. Najua ni vigumu kufuta ukweli na kubakiza kipande, lakini ninyi ni chuo.

Bila kupokea majibu yenu kabla ya Jumanne, sitasaini, na najua maana yake kwa Shangazi ni kurudia mwaka. Imeniuma kuandika sentensi hiyo, nimeirudia mara tano.

Nisalimie wanafunzi wenzake Shangazi wote, hasa yule ambaye jogoo wake huwika kila anapoulizwa swali, na yule mama aliyemwamkia Bibi siku ya sinia. Wasalimie na nyumbani kwako, ambako tukiwa kimya tunasikia mtu akikoroga chai.

Mimi niliyekuwa mtu wa kujifunzia, kwa heshima,

Mwaija Mbaruku.

Nyongeza, 18 Desemba.

Mwalimu, barua hii haikutumwa. Nilikuwa nasubiri kwenda steshenari kuituma bila kuulizwa ninakwenda kufanya nini, Jumanne ikafika kwanza. Bibi alisema haendi Korogwe mpaka shahidi aende naye, kwa hiyo nilikwenda. Alisafishwa jicho la kulia. Njia nzima alinishika kwa mkono na hakusema neno kwa lugha yoyote.

Asubuhi walipomtoa bandeji, Shangazi na Baba walisogea ili awaone. Aliwapita. Alinivuta mkono wa kushoto akausogeza dirishani, akautazama huku na huku kama Shangazi alivyofanya, ila hakuwa na rula. Akasema, "Uliniambia tone." Sikuwa na karatasi ya kuigiza, nikanyamaza. Naye akanyamaza. Tulikaa hivyo mpaka muuguzi akasema kuna mwingine anasubiri kitanda.

Jana aliingia jikoni mwenyewe, akamwambia Mama sufuria zilioshwa na mtu asiyeona.

Nimeambatisha fomu ya ridhaa, nimesaini kurasa zote mbili. Tafadhali msifute chochote. Kama dakika ya kumi na saba haisikiki vizuri, nipo tayari kuirudia.

Bibi anasema na yeye ana mambo yake ya tangu Bungu, hakuna aliyewahi kumuuliza na kunyamaza, na anataka nimhoji mimi. Naomba fomu moja zaidi. Herufi za kawaida zinatosha, atasoma mwenyewe.