Mashine Zisizopokea Watu Asubuhi

Jumatatu, 6 Machi 2006

Bahiya wangu,

Nimekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta! Kompyuta zenyewe ni visanduku vidogo visivyo na akili yao. Vyote vinategemea mashine moja kubwa ya Linux iliyo kabatini. Mtu akiandika jina na neno lake la siri, hiyo kubwa ndiyo inayomkubali. Hisham, fundi, ameiamuru ipokee watu saa za darasa tu, asubuhi mpaka alasiri. Kisha kaenda Kendwa, hoteli inamngoja. Nikakuta saa ya mashine imekosea. Sisi saa mbili asubuhi, yenyewe inasema nane! Nikairekebisha, ifuate saa yako ya ukutani, ile uliyokuwa ukiipangusa kila Ijumaa, Mungu akurehemu. Hisham atanishukuru.

Jumanne

Maafa. Mashine imewakataa wanafunzi wote. Msabah, mwalimu wa taipu chumba cha pili, akachungulia. "Zimegoma, Bwana Khelef? Taipu haimuulizi mtu neno la siri!" Anakitaka chumba hiki. Bi Dalal, mkuu wetu, kasema darasa lisipoingia Alhamisi asubuhi, chumba ni cha Msabah, nami nirudi stoo. Husuda hii ndiyo iliyozifunga! Saa nane mchana nikafukiza ubani kabatini, nikajaribu jina langu. Likapokelewa! Wanafunzi walikuwa washakwenda zao.

Jumatano

Ubani tangu asubuhi. Wapi! Nikaongeza udi, ule wako wa mwisho uliobaki kwenye kopo la biskuti. Nisamehe. Msabah akaja mbio na ndoo ya maji, furaha imemjaa. Nikajitandaza mlangoni. Akauliza leo ni harusi ya kompyuta ipi. Saa nane, moshi umetulia, zikafunguka. Nimeelewa: ubani huchelewa kuingia. Kesho naanza alfajiri.

Alhamisi

Wanafunzi wakipiga chafya, mashine haitaki mtu. Bi Dalal keshanyoosha mkono nimpe ufunguo, mara Hisham huyo, katoka Kendwa. Shikamoo, marahaba, macho kwenye saa ya mashine. "Ami Khelef, nani kaiambia mashine saa mbili?" Nikamjibu ni saa mbili kweli. Akashika kichwa. Kumbe mashine huanza kuhesabu usiku wa manane! Saa mbili yake, watu wamelala; asubuhi yake ikafika kwetu saa nane mchana. "Asubuhi yetu yenyewe inaiita nane, ami. Iache iite!" Akairudisha. Darasa zima likaingia. Bi Dalal alicheka mpaka akakaa chini. Ufunguo kaniachia, kwa sharti: nisiiguse saa ya mashine maisha. Nikaapa. Msabah akarudi na ndoo yake.

Ijumaa, 9 Safar 1427

Saa sijaigusa. Kiapo ni kiapo. Lakini tarehe! Mashine imeng'ang'ania Machi, na mwaka wake umezidi wetu kwa miaka mia tano na zaidi. Watoto wa Kiislamu wanafundishwa nini? Tarehe hakuna aliyenikataza. Naingia sasa kuirekebisha, kabla ya sala.

Nikumbuke, Bahiya.