Kidole Gumba na Mvukaji wa Mia Tano

Ka! Ka! Ka!

Sogeeni, enyi wenye masikio. Kabla hamjauona uwanja wa vita, usikieni upanga. Mlio huo si wa chuma juu ya chuma. Ni wa kidude cha kuhesabia watu, mkononi mwa Simba wa Takwimu, Ngao ya Waenda kwa Miguu, kijana aliyeketi kigodani kando ya barabara pana tangu saa moja kamili asubuhi, mwavuli wake uliotoboka ukipepea kama bendera ya dola.

Amri ya vita ilikuwa moja. Wakivuka watu mia tano ndani ya saa moja, pale patachorwa kivuko. Wasipofika, magari yataendelea kutawala. Msimamizi wa utafiti alimwapisha: "Usiyembonyeza hakupita. Na ukiinuka kigodani, hesabu imekufa."

"Nitakufa nimeketi!" shujaa akanguruma, akajipiga kifua. Kidude kikalia ka! Ikabidi kirudishwe sifuri.

Akapigana. Wanafunzi, wachuuzi, fundi mwenye ngazi begani, wote aliwabonyeza. Lakini shujaa alikuwa na donda moja: ushairi, aliojifundisha mwenyewe. Aliposaka kina cha ubeti wa kujisifu, kundi zima likapita mbele ya pua yake, na kidole gumba hakikutikisika. Alipozinduka, imebaki dakika moja. Kidude kinasoma mia nne tisini na tisa.

Ng'ambo, kwenye benchi, aliketi shangazi yake, kadi ya zahanati mkononi. Zahanati iko upande huu. Kila wiki hufika pale na goti lake bovu, na kila wiki magari humrudisha nyumbani bila dawa. Kwa ajili yake shujaa aliiomba kazi hii.

"Wamefika?" shangazi akapaza sauti juu ya honi.

"Bado mmoja!"

"Ulikuwa unatunga tena, wewe!"

Shujaa akakikagua kidude kishujaa.

"Basi njoo univushe!"

"Siwezi, shangazi! Nikiinuka, vita vimekwisha!"

"Loo! Kaka yangu amezaa kigoda!"

Akainuka mwenyewe, jeshi la mtu mmoja, akaelekeza fimbo kwenye lori. "Wewe! Simama, mimi mgonjwa!" Breki zikalia. Nyuma ya lori magari yote yakasalimu amri, na shangazi akapita kati yao, hatua kwa hatua, akiyasonya moja moja.

Ka!

Saa ikaisha. Mia tano! Na iandikwe kwamba siku hiyo kidole gumba kimoja kiliangusha himaya ya magurudumu, ingawa kilisaidiwa kidogo na fimbo.

Shangazi, akihema, akageuka kuitazama barabara. "Haya, shujaa. Na kurudi je?"

Simba wa Takwimu akasimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nusura aanguke. Akaushika mkono wa shangazi.

"Nakuahidi, shangazi: mpaka rangi ya kivuko ikauke, nitakuvusha mimi, kwenda na kurudi, kila wiki. Tena bila kutunga."