Feni ya Idara ya Sayansi

Jumatatu, 3 Februari. Kakuma.
Mwalimu Akai wa Fizikia amejifungua mtoto wa kiume. Hongera zake. Ofisi yake ya mkuu wa idara ya sayansi iko wazi! Ina meza, ina kabati na, muhimu kuliko vyote, ina feni. Mimi Lotiir, mwalimu wa Jiografia, miaka kumi na moja naiva chini ya mabati. Madam Abei, mwalimu mkuu, kasema Ijumaa anakuja afisa wa elimu kutoka Lodwar. Atakayefundisha Fizikia vizuri mbele yake ndiye ataingia ofisini. Guled wa Hesabu akainua mkono. Mimi nikainua yote miwili. Nimepewa nafasi ya kwanza.

Jumanne, 4 Februari.
Nimesoma mada yenyewe, umeme tuli. Kumbe rahisi. Chaji mbili husukumana au huvutana. Unazidisha chaji kwa chaji, unazidisha kwa bilioni tisa, unagawanya kwa umbali. Juu ya umbali kuna kijimbili, yaani namba 2 ndogo. Bila shaka ni namba ya tanbihi. Nimeitafuta tanbihi chini ya ukurasa, haipo. Wachapishaji wa siku hizi!

Jumatano, 5 Februari.
Mfano wa kitabu: chaji za maikrokulombu mbili na tatu, sentimita thelathini kati yao. Mimi nimepata nyutoni 0.18. Kitabu kinasema 0.6. Kitabu kimekosea, lakini afisa atakuwa nacho, kwa hiyo twende na 0.6. Nimempa Ugbad, yule msichana mkali wa kidato cha tatu, swali pamoja na jibu. Kazi yake ni kuinua mkono tu. Akauliza kama aonyeshe njia. Nikamwambia asijichoshe. Aliniangalia kama mtu anayeona mbuzi akinywa dizeli.

Ijumaa, 7 Februari.
Suti ya poliesta. Akala za tairi miguuni, kwa sababu kiatu kimebanduka soli. Nimemngoja afisa saa nzima kwenye kiti cha plastiki, nikijipindapinda kwa wasiwasi. Bwana Ereng, afisa mwenyewe, akaingia na kikombe cha chai. Nikaruka, nikamsalimu kwa Kiturkana, ejok, nikampa mkono. Cheche! Chai yote kwenye faili. Nikamwambia huo ndio utangulizi wa somo. Akacheka. Guled hakucheka.

Darasani nikaandika swali ubaoni. Ugbad akasema 0.6. Makofi! Nikaanza kusikia upepo wa feni shingoni. Ndipo Bwana Ereng akauliza, je, umbali ukiwa sentimita sitini? Hilo halikuwa kwenye mpango. Nikajibu kwa utulivu kwamba umbali ukiwa mara mbili nguvu ni nusu, yaani 0.3.

Ugbad akasimama. “Samahani Mwalimu, ni sifuri nukta moja tano. Umbali unazidishwa kwa wenyewe kwanza. Ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo.”

Akaja ubaoni, akaonyesha. Darasa zima likaelewa. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyemtega makusudi. Bwana Ereng akamuuliza kuhusu katikati ya chaji mbili zilizo sawa. Akasema uga wa umeme ni sifuri, kwa sababu zinasukuma pande mbili, ila volti zinajumlishwa. Sifuri, na bado kuna volti! Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 10 Februari.
Ripoti imefika. Ofisi kapewa Guled, aliyefundisha baada yangu. Imeniuma, sitaficha. Lakini feni imehamishiwa kidato cha tatu, zawadi ya Ugbad na wenzake. Guled kabaki na kabati! Mimi nimeamriwa nikae nyuma ya darasa kila kipindi cha Fizikia, niandike notisi pamoja na wanafunzi.

Sawa. Hawajui wamenipa nini. Feni iko mbele, mita nne kutoka kitini kwangu. Nimeshapiga hesabu, bila kile kijimbili cha wachapishaji. Kesho nitawahi kabla ya kengele, nisogeze kiti hadi mita mbili. Nitapata upepo mara mbili kamili, wala si zaidi. Fizikia ninaijua.