Kiboksi cha Shija na Mafuta ya Pamba

Leo aibu imenikuta nimevaa nguo mpya, tena katikati ya ukumbi, mchana kweupe.

Wenzangu wa kisomo cha watu wazima ambao hamkuwepo, nawaandikia mwenyewe kabla Mama Kulwa hajawafikia. Yule mnamjua. Jambo likiwa kuku, akifika kwenu limekuwa ng'ombe.

Mjukuu wangu Shija anapiga gitaa. Sisemi anajifunza, nasema anapiga! Sasa ametengeneza kidude cha kukanyaga kwa mguu. Ndani kuna vikorokoro vya redio mbovu. Akikikanyaga, gitaa linaunguruma kama fahali aliyeona jike. Akikikanyaga tena, linatulia. Tatizo alikiweka kwenye sanduku la mbao, kikawa kinavuma kama mzinga wa nyuki.

"Bibi," akaniambia, "kinataka nyumba ya chuma ndipo kinyamaze."

"Umefika," nikamwambia.

Maana marehemu babu yake aliniachia mkasi wa bati, tupa na kipande cha reli cha kukunjia. Koroboi zinazowaka Maganzo nzima zimetoka mikononi mwangu. (Zinazovuja si zangu.) Lakini bati la koroboi ni jepesi, ukilikanyaga linakuwa chapati. Nikatafuta toroli bovu lililotupwa na wachimba almasi, nikakata ubavu wake. Nikakunja, nikalehemu pembe kwa risasi, nikatoboa matundu ya nyaya kwa keekee, nikasugua kwa msasa mpaka mkono ukafa ganzi. Kilikaa sawasawa kama tofali.

Jana Shija akafunga vikorokoro vyake ndani, akajaribu. Kimya! Hakuna nyuki. Akanikumbatia.

"Kikae kwako mpaka kesho, kwangu watu wengi. Ila Bibi, usikifanye chochote tena. Kiache hivyo hivyo."

Kikae hivyo hivyo? Uchi? Chuma bado kina mabaka ya kutu kama mgonjwa wa surua, na kesho kinapanda jukwaani mbele ya watu! Tena kesho yenyewe si ya mchezo. Mpiga gitaa wa bendi yetu ya hapa Maganzo amekimbilia dhahabu Geita, na kiongozi wao, Mzee Magembe, amesema atamjaribu Shija kwa wimbo mmoja tu. Akipatia, ana kazi. Akikosea, anarudi shimoni kwa mjomba wake, kule ambako udongo ulimfunika mpaka kiunoni msimu uliopita. Mimi tangu siku ile silali vizuri.

Basi nikatafuta rangi. Nilikuwa na kopo la kijani la enzi tulipopaka madirisha ya kanisa, limebaki chini, zito kama ugali. Tapentaini madukani hakuna. (Siku hizi kuna nini madukani? Hata sabuni tunaipangia foleni.) Nikatazama huku na huku jikoni. Nikaona chupa ya mafuta ya pamba.

Mafuta si mafuta tu? Nikamimina, nikakoroga. Jamani, kilivyong'aa! Unajiona meno.

Leo asubuhi nikakigusa. Kikanishika kidole, kidogo tu. Nikasema kitakauka njiani, jua la hapa si linakausha hata mawazo?

Nilikibeba kiganjani kama padri abebavyo sahani. Mama Kulwa akanidaka mlangoni mwa ukumbi.

"Mama, umetuletea mboga ya majani?"

"Hiki ni chombo cha muziki," nikamjibu. "Wewe kakoroge uji wako."

Shija alikuwa anahangaika na nyaya jukwaani. Kukiona tu, macho yakamtoka.

"Bibi! Umekipaka?"

"Usinishukuru sasa. Piga kwanza."

Nikakitua miguuni pake, akachomeka nyaya. Hakuwa na nafasi ya kusema zaidi, Mzee Magembe alikuwa ameshahesabu mdundo. Nikaenda kukaa mstari wa mbele, Mama Kulwa kanibana ubavuni.

Mtoto alikuwa amevaa suruali pana chini na raizoni za kuazima, vile viatu vyenye soli kama matofali. Akapiga vizuri, taratibu. Halafu akakanyaga kiboksi. Mayu! Ukumbi mzima ulitetemeka! Watu wakapiga mayowe, na mimi nikasimama juu ya benchi.

"Kile kiboksi nimetengeneza mimi! Mimi mwenyewe!"

(Hapo ndipo ningekaa. Sikukaa.)

Ikafika zamu ya kutuliza gitaa. Shija akainua mguu ili akanyage tena. Kiboksi nacho kikainuka. Akautikisa. Hakitoki. Akarusha teke, kikaning'inia kwenye soli kama kupe, nyaya zikivutana, gitaa likipiga kelele kama nguruwe anayekamatwa. Akaanza kuruka kwa mguu mmoja, lakini vidole havikuacha nyuzi hata kidogo. Na watu wa Maganzo mnawajua. Wakadhani ni mtindo mpya. Ukumbi mzima ukainua mguu mmoja!

Mimi nilimwona Mzee Magembe amekunja uso. Nikaona lile shimo la mjomba wa Shija limefunguka mbele yangu. Nikapanda jukwaani.

"Tulia, nikutoe!"

"Bibi, shuka!"

Nikapiga magoti, nikashika kiboksi kwa mikono miwili. Mikono ikanasa. Kanga nayo ikanasa. Nikavuta kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Kiatu kikachomoka, na mimi nikaenda kinyumenyume na kiatu na kiboksi na kanga, nikatua kitako ndani ya ngoma kubwa. Ilipasuka. Nimo ndani, miguu juu, nimepakaa kijani mpaka kidevuni.

Mzee Magembe akainama na kipaza sauti mkononi. "Shikamoo mama. Umeumia?"

"Marahaba! Sijaumia!" nikafoka. "Ni mafuta ya pamba!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Nadhani hata kule mgodini Mwadui walisikia. Mama Kulwa alicheka mpaka akashikiliwa.

Lakini sikilizeni. Muda wote huo nyaya hazikuchomoka, wala gitaa halikukatika. Shija alimaliza wimbo mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi iliyotoboka. Mzee Magembe akangoja makofi yaishe, akamgeukia.

"Kijana ambaye bibi yake anapasua ngoma nyuma yake na yeye hapotezi mdundo, huyo ni wangu. Jumamosi uje mazoezini."

Kisha akanitazama mimi, nikivutwa kutoka kwenye ngoma.

"Na wewe mama, utatutengenezea viboksi vingine. Visivyopakwa rangi."

Njia nzima nimerudi nikipishana na watoto wanaoruka kwa mguu mmoja. Wakiniona wanazidisha.

Basi mmesikia kwangu mwenyewe. Haya madoa ya kijani kwenye karatasi ni vidole vyangu, nimesugua kwa majivu na mafuta ya taa, wapi. Mkitaka kunipongeza kwa ajili ya Shija, njooni, uji upo. Mkono tu msinipe, bado haujakauka.