Ombi la Kurudishiwa Haki Yangu ya Kugomba

Kwako Shemeji Mkubwa,

Yah: Kompyuta uliyomletea mdogo wako

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Sisi huku ni wazima, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia, kwa sababu mmoja wetu amezidi kuwa mzima.

Utakumbuka kwamba mdogo wako alipostaafu ualimu mkuu alihamia kwenye kiti cha dirishani, akawa anatazama ukuta wa jirani. Ukimuuliza chai au maziwa, anajibu "ndiyo." Ulipomkuta hivyo ukamwachia kompyuta yako ya zamani ili ajishughulishe, ukidhani ataandika kumbukumbu zake kama wastaafu wengine wenye adabu. Hajaandika hata sentensi moja. Alikuta ndani yake programu ya kutengenezea muziki, sasa anatengeneza midundo ya hip hop: vipande vifupi vya ngoma vinavyojirudia bila kuchoka, wenyewe wanaviita lupu. Huyu ndiye aliyekuwa akitoa wanafunzi darasani kwa kugonga madawati. Malalamiko yangu nimeyatia namba ili usije ukasema naandika kwa hasira.

1. Sauti za nyumba yangu zimechukuliwa bila idhini. Kifuniko cha sufuria kubwa, ndala zangu, hata ufagio wa chelewa, vyote vimo ndani ya kompyuta. Mlango wa stoo haufungi mpaka uubamize, na nimeomba utengenezwe tangu watoto wakiwa wadogo. Juzi mimi mwenyewe nikamwita seremala. Mdogo wako akasimama mbele ya mlango, mikono kaitanua. "Ukiurekebisha huu," akamwambia, "utakuwa umeniharibia snea." Seremala hakujua snea ni nini, lakini macho ya mwalimu mkuu anayajua. Akafunga mfuko wake akaondoka. Baadaye nilielezwa kwamba snea ni ile ngoma inayolia *pa*, na kwamba mlango wangu unalia vizuri kuliko zinazouzwa madukani. Sikujua niseme asante au la.

2. Cherehani yangu imeajiriwa. Unajua nashonea hapa hapa sebuleni. Aliweka maiki chini ya meza, akanasa cherehani ikienda, akaipandisha juu ya ngoma zake. Hilo ningelivumilia. Lakini anapoupiga mdundo huo nami nikiwa kazini, mguu wangu unaufuata wenyewe. Nimemaliza sare za kwaya kabla ya siku niliyoahidi. Kiongozi wa kwaya alizigeuza ndani nje, akavuta mishono, kisha akaniuliza kwa upole kama nimezishona au nimezibandika kwa gundi. Shemeji, heshima ya fundi iko kwenye "njoo kesho." Nani ataniamini tena?

3. Kinyozi wa pale kona. Alikuwa mwanafunzi wa mdogo wako, tena mgonga madawati sugu, nusu ya masomo yake aliyasikilizia nje ya darasa. Siku moja alisikia mdundo dirishani, akasimama, kisha akabisha hodi. Nilidhani amekuja kulipiza kisasi, na kwa kweli ningemwelewa. Akasema, "Mwalimu, ngoma yako imenyooka mno. Inatembea kama gwaride."

Mdogo wako hajawahi kusahihishwa na mtu, hata wakaguzi wa shule walikuwa wakimwogopa. Akavuta kiti. "Hebu nionyeshe."

Kinyozi akalisogeza pigo moja nyuma, kidogo tu, na ngoma yote ikaanza kuchechemea kwa maringo. Mdogo wako akaisikiliza mara mbili. Kisha akasema, "Kumbe siku zile ulikuwa unajua unachofanya."

"Nilikuwa nafanya mazoezi, Mwalimu."

"Nami nikakutoa nje."

"Nje nako kulikuwa na ukuta, Mwalimu. Nikagonga ukuta."

Wanaume wawili wazima wakakodolea macho kioo cha kompyuta ili wasitazamane. Chai ikapoa, ikabidi nichemshe nyingine. Tangu hapo kinyozi anashinda kwangu, na wateja wake wanamfuata sebuleni. Wiki iliyopita alikuja mmoja aliyenyolewa upande mmoja, akakaa kwenye vitambaa vyangu akisubiri upande wa pili.

4. Maneno yangu yako mitaani. Jioni moja nilisema, kama mtu yeyote mwenye akili angesema, "Funga mlango, mbu wanaingia." Kumbe maiki ilikuwa wazi. Akayakata maneno yangu, akayapanga juu ya ngoma, kinyozi akayapeleka kibandani kwake. Sasa nikienda kununua nyanya, muuza mboga hanisalimii. Anasema "funga mlango," na wanunuzi wote wanaitikia "mbu wanaingia." Mkwe wetu, ambaye tangu aoe hajawahi kuniinulia macho, nimemsikia akiyaimba huku ananawa mikono.

5. Hili ndilo kubwa. Nimenyang'anywa haki ya kugomba. Mdogo wako aliacha bomba wazi, jikoni kukajaa maji. Nikaanza kusema, na nilikuwa na haki ya kusema. Akainua kidole, akasogeza maiki karibu. "Rudia hapo kwenye 'wewe mtu wewe,'" akaniambia, "lakini kasirika zaidi kidogo."

Nikarudia. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Akacheka, Shemeji. Akacheka mpaka akashika meza, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu alipokabidhi funguo za ofisi. Mimi nimesimama kwenye maji, sketi imelowa, hasira nimeitafuta sikuiona. Mke asiyegomba, watu watajuaje kwamba nyumba ina mwenyewe?

Kwa hiyo naomba uje uichukue kompyuta yako. Ikishindikana, naomba kikao cha ukoo kiamue sauti zipi ni zangu na zipi ni za ndoa. Na ukoo nao ukishindwa, basi nirudishiwe yule mume wa dirishani. Nilikuwa nimeshaanza kumzoea.

Nisalimie mkeo, nisalimie wajukuu kila mmoja kwa cheo chake, na yule shangazi asiyesikia vizuri mwambie namwonea wivu. Mimi nabaki kuwa shemeji yako mwenye heshima na malalamiko,

Fundi Cherehani

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha, nimeifungua tena. Mdogo wako amesafiri kwenda kumwona mjukuu mpya, na leo asubuhi niliiwasha kompyuta ili nijue namna ya kuizima kabla ya kukufungashia. Mdundo ukaanza wenyewe. Nikaona kuna mahali pamekaa patupu. Nikatia mchele kwenye chupa, nikatikisa mbele ya maiki, nikaupachika pale. Kinyozi alipofika nikampigia mdundo huo. Alikaa tu akafumba macho. Kwa hiyo usije kuichukua. Ukija, njoo na maiki nzuri zaidi, maana hii inameza sauti nyembamba. Na mdogo wako akirudi, akausikia mdundo, akakupigia simu kuuliza ile sauti ni ya kitu gani, usimwambie ni mchele. Mwache ahangaike.